Namna ya kusoma hukumu ya mauaji ya kimbari: mfano wa kesi ya Akayesu

Hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (ICTR), iliyokuwa na makao yake Arusha hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, mara nyingi ni za mamia ya kurasa. Wengi huzianza ukurasa wa kwanza na kuchoka wakiwa bado kwenye historia ya Rwanda chini ya Wabelgiji, kabla hata mshtakiwa hajatajwa amefanya nini. Usizisome hivyo. Anzia mwisho.

Tuchukue hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni (wilaya ndogo) ya Taba nchini Rwanda, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998. Ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi nzima. Nyaraka zake zipo bure kwenye tovuti ya IRMCT, taasisi iliyorithi kazi za mahakama hiyo na yenye tawi Lakilaki, Arusha. Pakua tatu kwa pamoja: hati ya mashtaka iliyorekebishwa, hukumu yenyewe, na hukumu ya rufaa ya tarehe 1 Juni 2001. Ukiwa na hukumu peke yake utapotoka, na sababu zake zitaonekana hapa chini.

Kwanza angalia namba ya kesi: ICTR-96-4-T. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuangalia sana. T ni kesi iliyosikilizwa, A ni rufaa, na S ni adhabu baada ya mshtakiwa kukiri kosa, kama ilivyokuwa kwa Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda, ICTR-97-23-S. Kwenye hukumu ya S usitegemee uchambuzi mrefu wa ushahidi, maana hakukuwa na mabishano.

Sasa fungua sehemu ya uamuzi na uchore jedwali la safu nne: namba ya shtaka, ibara ya Mkataba wa kuanzisha mahakama, namna ya uwajibikaji (kwa matendo yake mwenyewe au kwa makosa ya walio chini yake), na matokeo. Akayesu alikuwa na mashtaka 15. Alitiwa hatiani kwa 9: mauaji ya kimbari, uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kutenda mauaji ya kimbari, na 7 ya jinai dhidi ya ubinadamu, yakiwemo ubakaji na utesaji. Yaliyoanguka ni 6. Moja ni kushiriki kama msaidizi katika mauaji ya kimbari, kwa kuwa mtu hawezi kuwa mtendaji mkuu na msaidizi kwa tendo lile lile. Matano yaliyobaki yote ni ya ibara ya 4, yaani uhalifu wa kivita. Ukiona mashtaka ya ibara moja yameanguka yote kwa pamoja, jua tatizo huenda ni la kisheria, si la shahidi mmoja aliyetiliwa shaka. Weka alama hapo, tutarudi.

Mkataba wenyewe umeambatishwa kwenye Azimio 955 la Baraza la Usalama la tarehe 8 Novemba 1994, na uwe mezani muda wote. Ibara ya 2 ni mauaji ya kimbari, ya 3 jinai dhidi ya ubinadamu, ya 4 uhalifu wa kivita, ya 6 uwajibikaji wa mtu binafsi. Mamlaka yake yanaanzia tarehe 1 Januari na kuishia 31 Desemba 1994. Matukio ya kabla ya hapo utayakuta kwenye hukumu, ila ni ya kueleza mazingira tu.

Hati ya mashtaka ndiyo wengi huiruka, na hapo ndipo wanapokosea zaidi. Hati ya awali dhidi ya Akayesu haikutaja ubakaji hata mara moja. Shahidi J, akihojiwa mahakamani kuhusu mambo mengine, alieleza kwamba binti yake alibakwa. Baadaye Shahidi H naye akasema alibakwa. Kesi ilisimama, na Juni 1997 yakaongezwa mashtaka ya 13, 14 na 15. Tena, mashtaka hayo yalimtaja pia chini ya ibara ya 6(3), wajibu wa mkubwa kwa makosa ya walio chini yake, lakini hati haikudai popote kwamba Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu waliowaua Watutsi, walikuwa chini yake. Majaji wakasema hawawezi kumtia hatiani kwa jambo ambalo hakushtakiwa ipasavyo. Asiyesoma hati huandika kwamba mahakama ilimwona Akayesu hana mamlaka. Haikusema hivyo.

Ukiingia sehemu ya 5, matokeo ya ushahidi, chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Kila tukio huanza na maelezo ya mashahidi wa upande wa mashtaka, kisha utetezi, ndipo majaji waseme wanaamini nini. Aya za mwanzo si ukweli uliothibitishwa. Rangi moja iwe ya "shahidi alisema", nyingine ya "mahakama imeridhika pasipo kuacha shaka", na unukuu rangi ya pili tu. Makala nyingi za magazeti zimenukuu ya kwanza zikidhani ni ya pili. Herufi za mashahidi ni za kuwalinda. Usijaribu kukisia majina, kwani kufichua shahidi aliyelindwa ni kosa.

Sehemu ya 6 ni sheria, ya 7 inaoanisha sheria na ushahidi. Kwa mauaji ya kimbari tafuta vitu vitatu: tendo mojawapo kati ya matano ya ibara ya 2, kundi linalolindwa, na nia mahususi ya kuliangamiza kundi hilo, lote au sehemu yake. Nia mahususi iko aya ya 498. Namna ya kuibaini kutokana na mazingira iko aya ya 523. Idadi ya waliouawa ni ushahidi wa nia, haichukui nafasi yake. Kuhusu kundi, majaji walibanwa kweli: Wahutu na Watutsi walikuwa na lugha moja na utamaduni mmoja. Wakaegemea vitambulisho vya taifa vilivyoandika kabila, na wakaongeza kigezo cha kundi la kudumu ambalo mtu huzaliwa nalo. Kigezo hicho hakikushika sana. Hukumu za mahakama hiyo hiyo dhidi ya Rutaganda (1999) na Musema (2000) tayari zinaangalia pia jinsi watendaji walivyowaona waathiriwa. Kwa ubakaji, soma aya ya 598 kwa tafsiri yake na aya ya 731 kwa namna ulivyohesabiwa kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Uchochezi una mtego wake. Mahakama ilikuta kwamba hotuba ya Akayesu huko Gishyeshye, tarehe 19 Aprili 1994, ilifuatiwa na mauaji yaliyotokana nayo. Msomaji wa haraka hudhani basi lazima mauaji yatokee. Hapana: sehemu ya sheria inasema wazi uchochezi huu huadhibiwa hata usipozaa matunda. Kilichokutwa kwenye ushahidi si lazima kiwe sharti la kosa.

Mwisho, rufaa. Akayesu alishindwa na kifungo cha maisha kikabaki. Ila upande wa mashtaka nao ulikata rufaa juu ya sheria, na hapa ndipo mashtaka yale matano ya ibara ya 4 yanapata maelezo. Majaji wa awali walidai mshtakiwa awe na uhusiano maalumu na jeshi au serikali iliyopigana; Chumba cha Rufaa kikasema sharti hilo halipo, ingawa kuachiwa kwake kwenye mashtaka hayo hakukubadilishwa. Kikasema pia kwamba jinai dhidi ya ubinadamu haihitaji nia ya ubaguzi, isipokuwa kosa la mateso ya kibaguzi. Ukinukuu hukumu ya 1998 kwenye mambo hayo mawili, unanukuu sheria iliyokwisha kusahihishwa.

Katika kunukuu, andika jina la kesi, namba, tarehe na aya, kamwe si ukurasa, kwa sababu kurasa hubadilika kati ya toleo la Kiingereza na la Kifaransa: Mwendesha Mashtaka dhidi ya Akayesu, ICTR-96-4-T, 2 Septemba 1998, aya ya 498.