HDR ya chumba cha Mji Mkongwe: hifadhi mipangilio yote kwenye C1

Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, vina kuta nene na madirisha machache. Saa sita mchana ukipima mwanga kwa dirisha, kitanda kinazama gizani. Ukipima kwa kitanda, dirisha linaungua likabaki jeupe tupu. Kwa Canon EOS 6D, piga picha tano za mwangaza tofauti kisha uziunganishe; hiyo ndiyo HDR. Mipangilio yake ihifadhi kwenye C1, nafasi ya gurudumu la modi inayokumbuka mipangilio yako.

1. Weka Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi ya shata), tundu f/8, ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), RAW (faili ghafi), na "white balance" kwenye Daylight. ISO isiwe Auto. Katika Av kinachobadilika ni kasi ya shata tu; tundu la lenzi likibadilika, sehemu zinazoonekana kali nazo hubadilika na picha hazikubali kulaliana.

2. Ndani ya Custom Functions chagua picha 5, mfuatano −, 0, + (giza, kati, angavu), kisha "Bracketing auto cancel" iwe OFF. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka: ikiwa ON, ukizima kamera AEB (upigaji wa picha za mwangaza tofauti kiotomatiki) inafutika.

3. Kwenye AEB tenganisha picha kwa stopu 2 (stopu 1 ni mwanga mara mbili au nusu). Ya kati ikiwa 1/4, utapata 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1 na sekunde 4.

4. Chagua taima ya sekunde 2. Ukibonyeza mara moja, kamera inapiga zote tano bila kuguswa tena.

5. Fungua "Custom shooting mode", "Register settings", C1. "Auto update set." izimwe, la sivyo kila utakachobadilisha kazini kitajihifadhi humo.

Ukifika chumbani, geuza kwenye C1, funga kamera kwenye tripodi, zima kitulizaji cha lenzi, lenga kwa AF (fokasi ya kamera yenyewe), kisha geuza swichi ya lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono). Zima pangaboi na ufunge pazia linalopepea. Vinginevyo kila kitu kinachosogea kitaacha kivuli, na programu ya kuunganisha picha haikisafishi vizuri kila mara.

Kagua histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga: giza kushoto, weupe kulia) ya picha mbili tu. Ya giza kuliko zote isigonge ukuta wa kulia. Ikigonga, shusha mwangaza wa kati kwa stopu 1 upige upya. Angavu kuliko zote isirundikane kushoto.

Usiku kuna kikwazo kingine: shata ya Av inaishia sekunde 30. Ya kati ikiwa sekunde 4, ya angavu kuliko zote (+4) ingehitaji sekunde 64, kwa hiyo itatoka na giza kuliko ulivyoagiza. Hapo pandisha ISO hadi 400. Sekunde 4 zitakuwa 1, na ya mwisho itakuwa sekunde 16.