Shabiki Mweusi wa Roki na Hevi Metali: Namna ya Kuanza na Kudumu

Swali utakaloulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote ni hili: "Huo si muziki wa wazungu?" Huenda likatoka kwa mzungu mlangoni pa ukumbi, lakini kwa uzoefu wangu litatoka zaidi kwa shangazi yako, kwa mwenzako wa darasani na kwa kondakta aliyeona fuvu kwenye fulana yako. Usihangaike kulijibu siku ya kwanza. Sikiliza kwanza, tena kwa mpangilio wa miaka, kwa sababu anayeijua nasaba ya muziki huu hahitaji kupandisha sauti.

Anza na Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, mwanamke Mweusi aliyeimba nyimbo za injili kwa gitaa la umeme wakati roki yenyewe ilikuwa bado haijapata jina. Usiishie kwenye sauti. Tafuta video ya mwaka 1964 iliyopigwa kwenye stesheni ya reli mjini Manchester, umtazame akiwa amevaa koti lake, gitaa jeupe mkononi, akilicharaza mbele ya vijana wa Kiingereza walioketi ng'ambo ya reli. Kisha nenda kwa Chuck Berry na Little Richard, waimbaji Weusi wa roki ambao wote wawili walivuma mwaka 1955, halafu mpiga gitaa Mweusi Jimi Hendrix wa mwaka 1967. Chukua albamu moja kwa wiki na uirudie, kwani masikio yasiyozoea gitaa lenye mkwaruzo huhitaji muda kabla hayajatenganisha kelele na muziki.

Ukifika kwenye hevi metali yenyewe, yaani tawi la roki lenye mlio mzito zaidi, sikiliza albamu ya kwanza ya Black Sabbath, vijana wa Birmingham, ya mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimuumize, jambo lililoufanya mlio uwe mzito zaidi. Hata hivyo, chini ya uzito huo utasikia bluzi, muziki wa watu Weusi wa kusini mwa Marekani, umepunguzwa mwendo tu. Baada ya hapo, watafute Death, ndugu watatu Weusi wa Detroit waliorekodi nyimbo zao mwaka 1975, wakatakiwa kubadili jina la bendi, wakakataa, na albamu yao ikakaa hadi mwaka 2009 ndipo ikatoka. Fuata na Bad Brains wa Washington, kisha Living Colour, bendi mbili nyingine za Weusi; mpiga gitaa wa Living Colour, Vernon Reid, alishiriki kuanzisha Black Rock Coalition, umoja wa wanamuziki Weusi wa roki, huko New York mwaka 1985, kwa kuwa kampuni za kurekodi zilikuwa zikiwaona wanamuziki Weusi wa roki kama bidhaa isiyouzika.

Wala usidhani mambo haya yote yako ng'ambo ya bahari. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, Zamrock, iliyobebwa na bendi kama WITCH ya Emmanuel "Jagari" Chanda. Tom Morello, mpiga gitaa wa bendi ya Marekani ya Rage Against the Machine, ni mtoto wa mwanadiplomasia wa Kenya, Ngethe Njoroge. Mwaka 2020 Duma, bendi ya watu wawili wa Nairobi, ilitoa albamu yake kupitia Nyege Nyege Tapes, kampuni ya kurekodi ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili atamdhania yule mnyama mwenye mbio, kumbe jina limetoka katika Kikuyu, kwa maana ya giza. Ukimwekea shangazi albamu hiyo, anza na sauti ndogo.

Nyumbani, hoja itakayokusumbua ni ya ushetani. Usidanganye kwamba haina msingi, maana zipo bendi zinazomwimba shetani waziwazi, na mzazi akigundua umemficha hatakuamini tena. Badala yake, mfasirie mashairi ya wimbo mmoja unaoupenda; "War Pigs" wa Black Sabbath, kwa mfano, unawashutumu wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini wapigane. Mkumbushe pia kwamba Tharpe alitoka kanisani. Na fulana yenye fuvu haikuzuii kumwamkia jirani shikamoo; mimi nimeona heshima hiyo ikimaliza mabishano ambayo historia yote hii haikuyamaliza.

Kabla ya tamasha la kwanza, nunua vizibo vya masikio. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani hushauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 zaidi ya saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, ambazo ni jambo la kawaida ukumbini, unabakiwa na dakika 15. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Mbele ya jukwaa watu husukumana kwa makusudi. Simama pembeni hadi uuelewe mwendo wao, na ukiona mtu ameanguka, mwinue mara moja, kwani ndiyo desturi. Ikiwa uko Ulaya au Marekani na huenda ukawa Mweusi peke yako, nenda na mwenzako na ujue mlango wa kutokea ulipo. Atakayekutaka utaje albamu tatu ili kuthibitisha ushabiki wako, humdai wala hakudai. Atakayekushika nywele au kukutukana, mwite mlinzi, usimalizane naye wewe.

Lipo pia tawi la metali linalohubiri Unazi. Kabla ya kununua fulana yoyote, chunguza nembo za bendi, mahojiano yake na kampuni inayoisambaza. Utaambiwa kwamba hiyo ni sanaa tu. Mimi sikubali, kwa sababu pesa yako inakwenda kwa mtu anayetamani usiwepo.

Pesa hiyo ina pa kwenda karibu zaidi. Last Year's Tragedy ni wa Nairobi na Vale of Amonition ni wa Kampala. Nunua muziki wa bendi za kwetu, na ukifika kwenye onyesho lao lipa kiingilio, hata kama unafahamiana na mpiga ngoma.