Ukiletewa mbolea ya nano, ianzishe kwenye mistari michache

Msimu uliopita mwanangu alirudi kutoka Vwawa na chupa ya nusu lita ya mbolea ya nano. "Mama, huu ni mfuko mzima wa urea." Nikacheka. Mfuko wa kilo 50 nimeubeba kichwani miaka mingi, nikachukua kalamu.

Nawe anza na kalamu. Urea ina naitrojeni, chakula cha mmea, asilimia 46, yaani kilo 23 kwa mfuko. Lebo ya chupa ilisema asilimia 4. Kwa nusu lita ni gramu 20 hivi, kiganja hakijai. Wauzaji husema chembe zake ni ndogo mno (chini ya nanomita 100, na unene wa unywele mmoja ni kama nanomita 80,000), zinapenya jani, hazisombwi na mvua. Kweli urea ikimwagwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hupaa hewani. Lakini gramu 20 hazigeuki kilo 23. India, ambako mbolea hii ya chupa iliingia sokoni 2021, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab waliijaribu badala ya sehemu ya urea. Mavuno ya mpunga na ngano yakashuka.

Basi, kwanza tafuta namba ya usajili wa TFRA, mamlaka ya mbolea Tanzania, kwenye lebo. Mahindi yakifika magotini, tenga mistari mitano mitano, uweke vijiti: ya kwanza urea kamili, ya pili urea nusu, ya tatu urea nusu na chupa, ya nne chupa peke yake. Hiyo ya pili watu huiruka, na bila yake hutajua chupa imefanya nini.

Piga asubuhi, umande ukishakauka na kabla upepo haujaanza. Lebo yangu ilitaka mililita 4 kwa lita, kwa hiyo bomba la lita 16 lilikula 64. Vaa barakoa inayobana. Kitambaa cha kanga hakizuii ukungu wa namna hii. Mimi nilikivaa, upepo ukageuka, nikakohoa hadi jioni.

Ninachoogopa zaidi ni dawa za nano zenye fedha, shaba au zinki. Zinaua vimelea, na bakteria wazuri wa udongo hawabaguliwi. Marekani, 2012, soya ilipandwa kwenye udongo uliochanganywa chembe nyingi za nano za seriamu oksidi, madini mengine ya namna hiyo. Vifundo vya mizizi, nyumba ya bakteria hao, karibu viache kabisa kukamata naitrojeni ya hewani. Mimi nachanganya mahindi na maharage, nayo yana vifundo kama soya, kwa hiyo hizo sizigusi. Maji ya kuoshea bomba yasiende mtoni.

Baada ya wiki tatu, inama uangalie majani ya chini. Ya mistari ya chupa peke yake yalikuwa na njano inayoanzia nchani, ikishuka katikati ya jani kama mkuki. Njaa ya naitrojeni hiyo.

Ukivuna, acha mistari ya pembeni, pukuchua, kausha, pima. Macho yangu yaliipenda mistari ya tatu, kijani kibichi kuliko yote. Mizani ikaitofautisha na ya pili kwa kilo moja tu. Mwanangu bado anasema mizani ni mbovu.