Januari, anza na madaftari ya mwaka jana

Mwalimu mwenzangu, shule zikifunguliwa usikimbilie kuwaambia wanafunzi waandike malengo. Darasa zima litakuandikia "nitasoma kwa bidii", na lengo la namna hiyo halimsaidii mtoto.

Waambie waje na madaftari ya mwaka jana. Kila mmoja atafute swali alilokosa, alifanye upya, kisha aandike chini yake kwa nini alikosa: hakuelewa, hakuwepo siku ile, au aliharakisha? Wape kipindi kizima, dakika 40, bila kuwasimamia vichwani. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita aligundua kuwa hesabu zake za sehemu zilikosewa mahali pamoja tu: alikuwa akijumlisha asili (namba ya chini ya sehemu) kwa asili. Akajiwekea maswali matatu ya sehemu kila Jumanne na Alhamisi, kabla ya kwenda kuchota maji. Lengo lenye siku na idadi linafuatilika, hata mama yake nyumbani anaweza kumkumbusha.

Kila mmoja aandike lengo lake la namna hiyo kwenye karatasi, na karatasi hizo zitunze wewe. Mwezi Machi warudishie, wajipime wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Na ambaye hajafikia lengo, tafadhali, usiisome karatasi yake mbele ya wenzake.