Wikiendi Moro kwa SGR: jinsi ya kujipanga kuanzia tiketi mpaka mlimani

Kama unakaa Dar na umechoka joto na foleni, gari huna au hutaki tu kuendesha, Morogoro ndo mji wa kwanza wa kuufikiria. Tangu SGR, ile treni ya umeme, ianze kubeba abiria mwezi wa 6 mwaka 2024 ni kama saa mbili tu umefika, na sisi tuliozoea basi tunajua vile Kibaha, Mlandizi mpaka Chalinze panavyoweza kukumalizia nusu siku. Ila kuna kitu naona watu wengi wanakosea, wanapanga treni vizuri kabisa halafu wakishuka hawana mpango, wanakaa baa ya karibu na gesti mpaka Jumapili wanarudi. Sa mji wenyewe uko miguuni mwa Uluguru, mlima unauona hata ukiwa sokoni unanunua nyanya, kwenda Moro bila kupanda hata kidogo ni kujinyima kabisa.

Anza na tiketi ya kurudi. Ndiyo, ya kurudi, kabla hata ya ile ya kwenda. Jumapili jioni kila mtu anataka kurudi Dar, wanafunzi, wafanyakazi, waliotoka harusini, waliotoka kuzika, na siti zinaisha mapema sana. Mi iliwahi kunikuta, nikabaki Moro mpaka Jumatatu na kazini nikachelewa, toka hapo nakata zote mbili siku moja, mtandaoni, wiki moja kabla. Jina liandike vilevile lilivyo kwenye kitambulisho na kitambulisho chenyewe ubebe. Nauli ya daraja la kawaida Dar mpaka Moro ilianza na 13,000, na kwa safari fupi hivi sioni haja ya kulipia daraja la juu, hata ile treni ya mchongoko, yenye pua iliyochongoka, ni nzuri ila mlima utaukuta palepale.

Kufika stesheni ya Dar panda basi la mwendokasi mpaka Gerezani, ukishuka pale haiko mbali. Fika saa nzima kabla au zaidi, kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege na mageti yanafungwa treni ikiwa bado ipo, ukichelewa utaiangalia tu inaondoka. Kama una uwezo wa kuchagua kaa upande wa kushoto kwa namna treni inavyoelekea, maana ukishapita Ngerengere milima inaanza kujitokeza upande huo, asubuhi inakuwa ya bluu na mawingu yamekaa kileleni. Na mkivuka mto Ruvu uangalie vizuri, maji yake yanatoka hukohuko Uluguru unakoenda, na ndo maji ambayo sehemu kubwa ya Dar tunafungulia bombani. Mi hilo linanifanya niuheshimu ule mlima kila nikiuona.

Sa hapa ndo pa kuwa makini. Stesheni ya SGR Moro iko Kihonda, siyo mjini kati, na hivi ndivyo stesheni nyingi za SGR zilivyo, ziko pembeni ya miji. Kwa hiyo kabla hujatoka Dar ujue unalala wapi na utafikaje. Nje utakuta daladala, bajaji na boda. Kama una begi moja daladala inatosha, kama mko wawili watatu chukueni bajaji mgawane, mkubaliane bei kabla hamjapanda na mtaje mtaa kabisa, siyo kusema tu mjini. Gesti tafuta upande wa mlimani, kule Boma, Kilakala au Bigwa, usikae Msamvu karibu na stendi kisa ni rahisi, kelele za mabasi ni usiku mzima na asubuhi bado unatakiwa usafiri tena kuufuata mlima. Upande wa Bigwa na Kilakala unaamka unasikia maji na ndege, na hewa ni nyingine kabisa.

Siku ya mlima amka mapema, saa 12 uwe umeshakunywa chai. Kwa mara ya kwanza panda Morningside, kuna jengo la zamani la Wajerumani huko juu, kupanda ni saa mbili mpaka tatu kwa mtu wa kawaida anayepumzika pumzika, na ukigeuka nyuma unaona mji wote, mashamba ya mkonge na bonde mpaka mbali. Wengine wanapenda maporomoko ya maji upande wa Choma, nako kuzuri. Kokote utakakoenda chukua mwenyeji wa kukuongoza, ulizia gestini watakuunganisha, maana njia zinapita mashambani na majumbani kwa watu, na msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia, una kiingilio chake. Vaa viatu vya kukamata, sendo hapana. Njiani utapishana na kina mama wanashuka na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga kichwani, wanashuka haraka kuliko wewe usiye na mzigo, wapishe, toa shikamoo, usiwapige picha bila kuomba. Muulize mwenyeji wako habari za ukoo, kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama na hata ardhi kwa mila ilipita huko, ni maongezi matamu mkiwa mmekaa kivulini.

Kipindi kizuri ni mwezi wa 6 mpaka wa 9, kavu na kuna kaubaridi. Masika, mwezi wa 3 mpaka wa 5, njia zinateleza vibaya sana, miezi hiyo nenda tu kupumzika, mlima uache.

Jioni zunguka mjini. Huu ndo mji kasoro bahari, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wazee wanaokumbuka enzi hizo bado wapo, ukimpata mmoja muache aongee. Mikumi nayo inawezekana ila ni kama kilomita 100 tena kwa barabara, iongezee siku yake, usiibane na mlima kwenye wikiendi moja, mtachoka na hamtafaidi chochote.

Ukishaizoea Moro jaribu Lushoto kwa treni ya zamani ya kaskazini, ile inayoenda Moshi na Arusha. Unashuka Mombo unapanda gari ndogo kilomita 33 hivi za kona tupu. Hiyo haiendi kila siku, hakikisha ratiba na saa ya kufika Mombo, kama ni usiku lala palepale upande asubuhi.

Siku ya kurudi Dar kutoka Moro pitia soko la Chifu Kingalu mapema, mboga za Mgeta, kule milimani, zinakuwa bado mbichi. Ndizi chukua zile ambazo hazijaiva, uzifunge vizuri kwenye boksi, na bajaji ya Kihonda iagize saa mbili kabla ya treni.