Somo: Kumpima mtoto ADHD kwa miadi ya mtandaoni (wazazi mlioko England)

Tuanze na hili, maana wengi huingia wakitarajia kipimo: ADHD, hali ya mtoto kukosa umakini au kuwa na utukutu na papara, haionekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Daktari huchukua maisha ya mtoto akayalinganisha na vigezo. Vile vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa matatizo ya akili wa mwaka 2013, vinataka dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu na papara. Ziwe zimedumu angalau miezi 6, baadhi ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane sehemu mbili au zaidi, mfano nyumbani na shuleni.

Hapo kwenye sehemu mbili ndipo miadi ya mtandaoni inapokwama. Daktari anaona uso wa mtoto kwenye kioo, basi. Darasa halioni, na vita vya kuvaa sare asubuhi havioni. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kwenye karatasi, kabla kamera haijawashwa.

Hatua ya 1: Shule. Mwandikie SENCO, yaani mwalimu msimamizi wa mahitaji maalumu. Andika barua pepe, usimalizie mazungumzo getini, kwa sababu barua pepe ina tarehe. Muulize mambo matatu: wameona nini, wamejaribu nini, na nani atajaza fomu ya dalili (tazama Hatua ya 4). Angalia kalenda pia. Fomu ikifika shule mwishoni mwa Julai italala mpaka Septemba, na mwalimu mpya wa Septemba atasema hamjui mtoto vizuri. Muda mzuri ni kuanzia likizo fupi ya Oktoba.

Hatua ya 2: Daftari la wiki mbili. Usiandike "mtundu". Mkalimani akilitafsiri neno hilo, au "mtukutu", au "mkorofi", daktari atasikia mtoto mwenye tabia mbaya na ataanza kuuliza malezi. Andika kilichotokea:

*Jumanne. Kuvaa soksi dakika 25. Nimemkumbusha mara 6. Soksi moja mkononi, anachezea kamba ya pazia. Hajagoma, amesahau.*

Mistari kumi ya namna hiyo inatosha. Weka na siku alizotulia, ueleze alikuwa anafanya nini. Mtoto wa ADHD anaweza kukaa saa mbili na mchezo anaoupenda, na hilo halifuti dalili.

Hatua ya 3: GP, yaani daktari wenu wa mtaa. GP hathibitishi ADHD, anaandika rufaa tu. Mwambie unataka "Right to Choose", utamke hivyo hivyo kwa Kiingereza. Ni haki ya kuchagua mtoa huduma mwenye mkataba na NHS (huduma ya afya ya umma), hata akiwa mji mwingine, bila kulipa. Haki hii ni ya England pekee. Scotland, Wales na Northern Ireland haipo.

Kabla hujachagua, hakikisha mtoa huduma anachukua watoto wa umri wa mwanao, kisha pakua fomu yake ya rufaa uende nayo. Muulize GP swali moja mapema: dawa ikianzishwa na kliniki hiyo, atakubali kuendelea kuiandika? Hiyo huitwa "shared care", na GP ana uhuru wa kukataa. Kulijua baada ya mtoto kuzoea dawa ni maumivu yasiyo ya lazima.

Masikio na macho yapimwe pia. Taja kama anakoroma, analala vibaya, au anaduwaa sekunde chache bila kusikia akiitwa. Kukosa usingizi na aina fulani ya kifafa hufanana sana na kukosa umakini.

Hatua ya 4: Fomu. Mara nyingi ni SNAP-IV yenye maswali 26, au Vanderbilt, ambayo ya mzazi ina 55 na ya mwalimu 43. Majibu ya maswali ya dalili ni kuanzia 0 hadi 3. Kwenye Vanderbilt ni 2 na 3 tu zinazohesabiwa kuwa dalili. Mzazi anayeweka 1 kila mahali kwa kuona haya kumsema mwanawe amemfutia dalili zote kwa mkono wake. Mlinganishe na watoto wa rika lake, si na ndugu yake mkubwa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Tumia kompyuta, iwe mezani, kiasi cha mita moja na nusu kutoka alipo mtoto ili mikono na miguu ionekane. Miguu ndiyo inayosema. Usimpe tableti ili atulie, na usimkaripie akizungukazunguka. Omba sehemu ya mazungumzo bila mtoto chumbani. Si vizuri asikie orodha ya makosa yake.

Kuwa na kadi ya kliniki, hata kama ni ya Dar au Nairobi. Utaulizwa ujauzito, kuzaliwa, alianza lini kutembea na kuongea, na kama kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kwa moyo kabla ya miaka 40. Mkalimani wa NHS ni bure, ila omba siku unapopanga miadi, na kama ni Kiswahili cha Kongo useme. Dada yake wa miaka 14 asiwe mkalimani.

Hatua ya 6: Ripoti. Iwe na alama za nyumbani na za shule, pamoja na maelezo ya mambo mengine yaliyofikiriwa yakaachwa. Kabla ya dawa lazima apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo. Kliniki ya mtandaoni haina mizani, kwa hiyo uliza vipimo hivyo vitachukuliwa wapi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka dawa isitolewe bila maoni ya mtaalamu wa pili.

MASWALI

Mama Rayyan: Mwanangu alikaa kama malaika dakika 40 zote, daktari akasema haoni kitu. Ndiyo basi?

*Jibu:* Hapana, dada. Mtu mpya, kitu kipya, anazungumziwa yeye: mtoto mwenye ADHD anaweza kutulia. Utulivu wa miadi moja haukanushi. Muulize daktari kwa maandishi fomu ya shule imepewa uzito gani. Kama haikufika, omba uamuzi usubiri.

Baba Neema: Binti yangu haruki wala hasumbui. Anaota tu mchana, vitu vinapotea. Shule wanasema yuko sawa.

*Jibu:* Kaka, hiyo ni ile orodha ya 9 za kukosa umakini. Utukutu si sharti. Usiulize shule "anasumbua?" Uliza: anamaliza kazi ngapi bila kukumbushwa? Omba waangalie madaftari. Kurasa zilizoanzwa vizuri zikaachwa katikati zina ushahidi.

Bi. Salma: Sisi tuko Mombasa. Naweza kufuata haya?

*Jibu:* Hatua ya 1, 2, 4 na 5 ndiyo, rufaa hapana. Daktari wa mtandaoni mtafute kwanza kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na umuulize kama atachukua fomu ya mwalimu. Anayethibitisha kwa simu moja bila kusikia shule, mwache.

Mama Pacha: Foleni ni ndefu. Msaada darasani usubiri majibu?

*Jibu:* Usisubiri. Msaada wa shule unafuata mahitaji, si jina la ugonjwa. Hata tathmini ya EHCP, mpango rasmi wa msaada kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu, unaweza kuiomba mwenyewe halmashauri. Wana wiki 6 kukujibu kama wataifanya. Ambatanisha lile daftari la wiki mbili.