Namna ya Kulisoma Neno "let" katika Kiingereza cha Kale

Anayefungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, hukutana katika Kutoka sura ya 5 na neno linaloonekana kujipinga lenyewe. Mstari wa 1 Musa na Haruni wanamwambia Farao "Let my people go", yaani wape watu wangu ruhusa waende. Mstari wa 4 Farao anawauliza kwa nini wao "let the people from their works". Ukilitafsiri la pili kama la kwanza, lawama ya Farao haishikiki, kwa sababu analolalamikia ni kwamba watu wanazuiwa wasifanye kazi.

Kwa asili hayo yalikuwa maneno mawili: lætan, kuruhusu, na lettan, kuchelewesha au kuzuia, ambalo ni ndugu wa "late". Matamshi yakafanana, tahajia ikafuata.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, tazama kinachofuata. Ukikuta mtendwa na baada yake kitenzi kitupu, kama "go", maana ni ruhusa. Ukikuta mtendwa na baada yake "from", au sentensi ikiishia bila kitenzi kingine, shuku kuzuia. Paulo anapowaambia Warumi, 1:13, kwamba alikusudia kuwafikia "but was let hitherto", hakuna kitenzi kingine hapo, na Union Version yetu inathibitisha: "nikazuiliwa hata sasa". Binafsi sijaona kamusi ya haraka kuliko kuiweka Biblia hiyo pembeni, japo kwenye swali la Farao imeandika "mnawaachisha watu kazi zao", kutokana na kuacha, kitenzi ambacho nasi tunakitumia pande zote mbili: mwache apite, acha kelele. Tusiwacheke Waingereza.

Likiwa nomino, mara nyingi ni kizuizi. Ndivyo lilivyo katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", na ndivyo linavyofasiriwa kwa kawaida katika tenisi, pale mpira wa kuanzisha unapogusa wavu kabla ya kuangukia mahali pake, ukapigwa upya.

Kibao cha "TO LET" kwenye lango la nyumba Nairobi, ambacho watundu hupenda kukiongezea herufi I katikati, hakimzuii mtu. Hilo ni tawi la kuruhusu: mwenye nyumba anamwachia mwingine akae, alimradi kodi ilipwe.